SUMBAWANGA, ACHENI KUITA MUZIKI WA WATOTO WENU USHETANI!

Kuna DJ na mapromota wawili watatu pale Sumbawanga mjini, majina yao yabaki kapuni, wenyewe wanajijua. Dogo akiwapelekea ngoma isiyofanana na bongofleva ya redioni, jibu ni moja tu: "Huo wazimu." Akipayuka kwenye maiki ndo kabisa, anaambiwa ana shetani.

Haya, wamtafute Lord Spikeheart wa Kenya, jina halisi Martin Khanja. Huyu jamaa haimbi, anapiga mayowe! Alitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, akaungana na Sam Karugu wakaanzisha Duma. Msidhani ni yule mnyama mwenye mbio, kwa Kikuyu maana yake ni giza. Albamu yao ikatoka 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala: gitaa linaunguruma, midundo ya mashine inakimbia kama imeharibika, na sauti ya mtu kama anachunwa ngozi. Muziki huohuo ukawapeleka kupiga shoo Ulaya.

Mwaka 2024 Spikeheart akaachia The Adept akiwa peke yake, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Humo anamuenzi bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa kike wa Mau Mau aliyefariki 2023. Kwa hiyo yale mayowe yana ukoo na yana historia. Wangapi wanaoimba mapenzi kutwa nzima wanaweza kusema hivyo?

Mapromota watajitetea kwamba watu wa Rukwa wanataka kucheza na tiketi lazima ziuzwe. Sawa, biashara ni biashara. Lakini hakuna aliyeomba kujaziwa uwanja wa Nelson Mandela. Dogo anaomba dakika tano tu kabla staa kutoka Dar hajapanda jukwaani. Hizo nazo zinawafilisi?

Hili la ushetani ndo linauma zaidi. Mtu wa Sumbawanga akifika Dar akataja kwao, utani wa kutumiwa radi unaanza hapohapo. Na jina lenyewe la mji wazee wanalifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Sasa watu waliochoka kusingiziwa uchawi nchi nzima, leo wanamsingizia mtoto wao kisa gitaa? Aibu!

Halafu wanasema metali ni mambo ya Wazungu, chuma hakiwahusu. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo yaliyozidi urefu wa mtu, kwa miiko na dawa ambazo si kila mtu aliruhusiwa kuziona. Asiyejua angepita pale akaona moshi na moto, akasema ni uchawi. Kumbe wenzake wanatengeneza majembe.

Mpeni dogo maiki.