Supu ya ng'ombe Guangzhou, na habari tusizoziandika

Jamani, nimeadimika. Nilikuwa Guangzhou, kusini mwa China, na kundi la wafanyabiashara wa Kariakoo waliofuata mzigo. Gazeti lilitaka habari za viwanda na makontena, nikaziandika, zikatoka, mmeshazisoma au mmeshafungiwa vitumbua. Leo naandika ile ambayo mhariri hakuitaka. Supu.

Siku ya tatu mzee mmoja katika msafara alianza kutembea huku akishika ukuta. Kumuuliza, kumbe tangu tushuke kwenye ndege anakula biskuti na ndizi tu! Mzee ni mtu wa swala tano, na alikwisha apa kwamba hagusi chungu cha Mchina, maana huko kila kitu ni nguruwe, na kisicho nguruwe ni nyoka. Nikamuuliza, "Mzee wangu, nani kakwambia?"

Akanitazama. "Si nyinyi waandishi, mwanangu."

Nikanywea. Mwaka juzi niliandika makala ya kuchekesha kuhusu Wachina na vyura, sijawahi hata kukanyaga China. Ofisini walinipongeza. Nami nikajiona mwandishi.

Cha kusikitisha ni kwamba chini ya hoteli yetu, mtaa wa Xiaobei, palikuwa na mgahawa mdogo wa Waislamu na tulikuwa tukiupita kila asubuhi. Mzee alikuwa akitafuta neno "halali" kwa Kiarabu, hakuliona. Mwaka 2019 migahawa ya namna hii kule Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu kwenye vibao, na hapo Xiaobei kibao chetu kilikuwa na Kichina kitupu: 清真. Hutamkwa "qingzhen", safi na kweli, na ndiyo halali yao. Maandishi mawili tu! Mtu mzima ameshinda njaa siku tatu kwa kukosa maandishi mawili, na msafara mzima una mwandishi wa habari ndani yake.

Tukashuka. Mzee akasimama mlangoni akatoa salamu kwa sauti ya kujaribu. Bwana mmoja mwenye kofia nyeupe, mikono imejaa unga, hakuinua hata kichwa: "Alaykum salaam." Mzee akavuta kiti.

Sasa ngojeni niwaeleze yule bwana alichokuwa akifanya. Anachukua donge la unga wa ngano, analivuta mpaka mikono yake inyooke, analikunja, anavuta tena. Uzi mmoja unakuwa miwili, minne, minane. Akikunja mara nane ana nyuzi 256, na hakuna kisu wala mashine. Zinaingia kwenye maji yanayochemka, zinatoka upesi, zinamwagiwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Unachagua unene: nyembamba kama nywele, au bapa pana kama mkanda. Wenyewe husema bakuli zuri lina mambo matano: supu angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotmiri na majani ya vitunguu saumu ya kijani, na tambi za manjano. Nyama, niseme ukweli, ni vipande vyembamba ambavyo muuza supu wa Dar angeona aibu kuviweka. Lakini supu yenyewe, ndugu zangu! Mzee aliinua bakuli kwa mikono miwili akalimaliza, jasho linamtoka, akasema hii ni supu ya asubuhi, imekosa chapati tu.

Na hakukosea. Chakula hiki asili yake ni Lanzhou, mji wa kaskazini magharibi, ambako watu hukila asubuhi kama sisi na supu yetu. Husimuliwa kwamba Ma Baozi, Mwislamu wa kabila la Wahui, ndiye aliyeanza kukiuza huko mwaka 1915. Lakini wengi wenye migahawa ya jina la Lanzhou iliyotapakaa China nzima si watu wa Lanzhou. Wanatoka Hualong, wilaya ya jimbo jirani la Qinghai, familia moja ikimvuta jirani yake mpaka wakaenea miji yote. Wachagga na maduka yao wataelewa.

Tena mwaka 2007 bei ya bakuli ilipopanda kule Lanzhou, serikali ya mji iliingilia kati ikaweka kikomo, na vyombo vya habari vikaandika. Bei ya supu! Sisi tukienda China tunarudi na picha za viongozi wakipeana mikono. Nimo na mimi. Abiria anayekwenda na akiba ya maisha yake hajui kutoka kwetu ale wapi, lakini habari za nyoka anazo.

Basi, kwa atakayekwenda: yachoreni yale maandishi mawili kwenye karatasi mbaki nayo mfukoni. Ingia, sema "niurou mian", tambi na nyama ya ng'ombe. Wenyeji hulipa kwa simu, lakini noti zetu walizipokea. Vijiti vikikushinda omba uma. Mzee aliomba, hakuna aliyecheka, na kesho yake alishuka peke yake kabla sijaamka.