TAARIFA YA TAWI LA MANGAPWANI: ZUIO SI HUKUMU



Tangu Jumanne, 10 Juni 2025, barzani na kwenye magrupu ya simu panasemwa: "Mahakama imeifuta CHADEMA." Si kweli. Jaji Hamidu Mwanga wa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, alitoa zuio la muda: Bodi ya Wadhamini na Katibu Mkuu wa chama hicho wasiendeshe shughuli za siasa wala kutumia mali za chama mpaka kesi ya msingi iamuliwe.

Sisi si CHADEMA. Lakini mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tuelewane:

*1.* Hukumu humaliza kesi. Zuio husimamisha mambo tu. Zuio halimtangazi mshindi. Hukumu tunaijua: ya 18 Machi 2019 ilimtambua Profesa Lipumba kuwa Mwenyekiti wa CUF, nasi tukamfuata Maalim Seif ACT-Wazalendo.

*2.* Zuio humfunga aliyetajwa na anayetenda kwa niaba yake. Anayelivunja kwa makusudi anadharau mahakama na anaweza kufungwa. Wanaosema "karatasi tu ile" wanawaponza vijana.

*3.* Zuio hupingwa mahakamani, na kulikosoa si kulivunja.

Nasi tunalikosoa. Tangu kesi ya Atilio na Mbowe ya 1969, mahakama zetu hupima mambo matatu: Ipo hoja nzito ya kuamuliwa? Mwombaji atapata hasara isiyofidika? Nani ataumia zaidi, anayeomba zuio au anayezuiwa?

Said Issa Mohamed na wenzake wawili walilalamikia mgao wa rasilimali baina ya Bara na Zanzibar. Ni hoja, na isikilizwe. Lakini mgao ni hesabu. Vitabu hukaguliwa, na aliyepunjwa hulipwa kwa shilingi. Mkutano uliozuiwa mwaka wa uchaguzi utalipwa kwa shilingi ngapi? Na mwanachama wa Zanzibar, ambaye kesi inasemwa ni ya kumtetea, naye alifungiwa mlango uleule. Haki gani hiyo?

Tunataka kesi ya msingi isikilizwe haraka. Zuio la muda lisigeuzwe hukumu ya kimyakimya.

Na wewe, kabla hujasambaza ujumbe, uliza: ni zuio au hukumu? Linamfunga nani? Mpaka lini?

Wabillahi tawfiq.

*Katibu wa Tawi, Mangapwani*