Waliochekwa na Aliyefukuzwa Kazi



Siakago ni mbali na bahari. Wengi wetu maji makubwa tuyajuayo ni ya Mto Tana na mabwawa yake, Masinga na Kiambere. Hata hivyo mwezi wa Juni 2023 habari za bahari zilifika kwetu upesi kuliko habari za mvua. Nyambizi ndogo iitwayo Titan, iliyokuwa ikiwapeleka watalii kutazama mabaki ya meli Titanic, ilipotea tarehe 18 Juni ikiwa na watu watano. Siku nne baadaye vipande vyake vilionekana chini, karibu mita 3,800 kwenda chini. Uzito wa maji uliibana ikavunjika, na wote walikufa.

Watu walicheka. Tusifichane. Walicheka kwenye simu, katika matatu na penye kuuzwa muguka. Nauli ya mtalii mmoja ilikuwa dola 250,000, yaani karibu shilingi milioni 35 kwa bei ya dola ya mwezi ule. Mtu alipwaye shilingi 15,000 kwa mwezi angefanya kazi miaka zaidi ya 190, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ndipo apate nauli hiyo. Basi wengi walisema kwamba wenye pesa za kuchezea wamezifuata pesa zao chini ya maji.

Asili ya maneno hayo twaielewa. Tarehe 14 Juni mwaka ule ule, siku nne tu kabla ya Titan kupotea, mashua ya wavuvi iitwayo Adriana ilizama karibu na Pylos, nchi ya Ugiriki. Ilikuwa imetoka Libya na watu kama 750: Wapakistani, Wasyria, Wamisri, waliokuwa wakitafuta kazi na usalama. Waliookolewa ni 104. Walinzi wa pwani wa Ugiriki walikuwa wameiona mashua ile saa nyingi kabla haijazama. Lakini meli na ndege za mataifa kadhaa zilipotumwa kutafuta watu watano, dunia nzima ilihesabu saa za hewa iliyobaki ndani ya nyambizi. Mfanyakazi akikasirika kwa hayo, ana haki.

Lakini hasira ni kitu kimoja na kicheko ni kingine. Katika wale watano alikuwamo kijana wa miaka 19 pamoja na baba yake. Alikuwamo pia mzee wa miaka 77, aliyekuwa zamani mpiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Ufaransa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilichukuliwa na maji katika Mto Enziu, Mwingi, ng'ambo ya Tana kutoka kwetu, wakafa watu zaidi ya 30. Picha zake zilipopita katika simu hizi hizi, hatukusikia mzaha. Walikuwa watu wetu.

Tena kicheko kile kilitufunika macho tusione jambo lililotuhusu sisi hasa. Kampuni ya OceanGate, yenye nyambizi ile, ilikuwa na mfanyakazi, David Lochridge, msimamizi wa shughuli zake za baharini. Mwaka 2018 aliandika ripoti kwamba chombo hakikupimwa vya kutosha. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni, kitu kisichozoeleka kwa kina kile, na dirisha lake lilikuwa limethibitishwa kwa mita 1,300 tu. Je, tajiri alimshukuru? Alimfukuza kazi! Kisha kampuni ikampeleka mahakamani. Alikwenda kwa ofisi ya serikali ya Marekani ihusuyo usalama kazini, wala hakupata msaada wa maana, mpaka mwisho akaliacha shauri lake. Miaka mitano baadaye tajiri mwenyewe, Stockton Rush, alikufa ndani ya chombo kile kile pamoja na wageni wake.

Mwezi wa Agosti 2025 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa ripoti yao. Walisema ajali ile ingeweza kuzuiwa, na kwamba katika kampuni ile vitisho vya kufukuzwa vilitumiwa kuwafunga watu midomo. Ndugu, ni nani kati yetu asiyevijua vitisho hivyo? Dereva anayeambiwa aondoke na gari lenye breki mbovu au arudishe funguo, huyo anavijua. Na yule anayechimba mchanga chini ya ukingo ulioanza kupasuka anavijua pia.

Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inakataza tajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari kazini. Tena inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Sheria hiyo haiji kazini kwa miguu yake. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi, jambo la kwanza litakuwa kamati hizo: wapi zipo, wapi ni za jina tu, na wapi hazipo kabisa. Aliye na habari za mahali pake pa kazi aje kumwona katibu kabla ya siku hiyo. Jina lake halitatajwa mbele ya tajiri.