Benki Irudishe Kwanza, Halafu Itafute Karatasi

Kuna pesa zinazoondoka katika akaunti zetu kila mwisho wa mwezi bila sisi kushika kalamu wala simu. Bima ya elimu ya mtoto, mkopo wa pikipiki, ada ya chama, mchango wa taasisi fulani. Mara nyingi ni makato halali. Mwenyewe aliyaruhusu na yanamwepusha na kusahau. Taabu huanza siku mtu anapoona katika taarifa ya benki jina asilolijua, au kampuni aliyoachana nayo mwaka jana ikiendelea kuchota. Hapo ndipo anapogundua kwamba mlango wa kutolea pesa ni mpana na wa kurudishia ni tundu la sindano.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo hata baadhi ya makarani wa benki huyachanganya. Agizo la kudumu ni wewe unaiambia benki yako: kila tarehe 5 mpelekee fulani shilingi kadhaa. Kiasi umepanga wewe, na tarehe umepanga wewe. Makato ya moja kwa moja, yale wenyewe huyaita dairekti debiti, ni kinyume chake. Umetia sahihi fomu inayompa mdai ruhusa ya kuja kuvuta mwenyewe. Yeye ndiye anayepeleka orodha benki, na kiasi kinaweza kubadilika mwezi hadi mwezi. (Yako pia makato ya kwenye hati ya mshahara, ambayo mwajiri huyafanya kabla pesa hazijafika benki. Hayo ukiyapinga unaanzia kwa mwajiri, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema jumla yake isizidi thuluthi mbili za mshahara.) Mzozo ninaouzungumzia leo ni wa hayo ya kuvutwa, kwa sababu ufunguo uko mkononi mwa asiye mwenye nyumba.

Yuko mwalimu mstaafu ninayemfahamu, mkaazi wa Likoni. Kwa miezi 11 akaunti yake ya pensheni ilikatwa Sh1,450 kila mwezi na kampuni ambayo anasema hakuwahi kuipa ruhusa. Anachokumbuka ni kijana mmoja aliyefika shuleni miaka ya nyuma na makaratasi, akachukua nakala za vitambulisho vya walimu, akaahidi kurudi. Jumla ni Sh15,950. Kwa tajiri hiyo si kitu. Kwa mtu anayenunua dawa za presha kila mwezi, ni kitu.

Alipokwenda benki akaambiwa, "Mzee, sisi tunatekeleza tu maagizo ya kampuni. Nenda ukazungumze nao."

Akamjibu, "Mwanangu, akaunti hii ni ya kampuni au ni yangu?"

Hakupata jibu. Kampuni nayo ikamwambia faili liko kwa wakala, na wakala ameshaacha kazi. Benki ikamtoza ada ya kuchapisha taarifa ya akaunti yake mwenyewe ili aweze kuthibitisha malalamiko yake. Akapigwa danadana hivyo kwa wiki kadhaa, huku tarehe ya makato ikifika tena na pesa zikiondoka tena. Feri haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini matatu za ng'ambo ya pili hazimbebi mtu bure.

Swali alilouliza mzee huyu ndilo kiini cha jambo lote. Pesa zinapogombaniwa, zikae kwa nani mpaka ukweli ujulikane? Na nani atafute ushahidi?

Uingereza, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi, walishalijibu. Kule makato ya moja kwa moja yana dhamana inayofuatwa na mabenki yote yanayotumia mfumo huo. Mdai akikosea, au benki ikikosea, mteja anadai kwa benki yake na benki inamrudishia pesa zote papo hapo. Baada ya hapo ni juu ya benki kumgeukia aliyechukua. Mteja hatumwi kwa wakala. Kampuni ikitaka kubadilisha kiasi au tarehe, lazima imjulishe mapema. Katika nchi zinazotumia mfumo wa malipo ya yuro mteja wa kawaida ana wiki 8 za kudai arudishiwe hata bila kueleza sababu, na ikiwa hakutoa idhini kabisa ana miezi 13.

Msidhani kule hakuna wizi wala mzaha. Mtangazaji mashuhuri wa magari, Jeremy Clarkson, aliwahi kuandika namba za akaunti yake gazetini kuonyesha kwamba hakuna anayeweza kuzitumia kuchukua kitu. Haukupita muda, mtu asiyejulikana akatumia namba hizo kufungua makato ya pauni 500 kwenda kwa shirika la wagonjwa wa kisukari. Clarkson mwenyewe akakiri hadharani kwamba alikosea. Kwa hiyo mfumo wa kuvuta pesa una tundu popote ulipo. Tofauti ni kwamba wenzetu waliweka mtu wa kubeba hasara tundu hilo likipenya, na hawakumchagua mnyonge.

Watu wa benki hapa kwetu watasema wateja walaghai watajazana kaunta, kila mmoja akidai hakuruhusu. Hoja hiyo ina uzito wake, siipuuzi. Lakini dhamana ya Uingereza yenyewe inasema aliyerudishiwa pesa asizostahili atazitoa tena. Na tutazame nani ana uwezo. Benki ndiyo iliyokubali kupokea maagizo ya kampuni ile, na inajua itaipata wapi. Mstaafu ana nini? Ana bahasha ya risiti na miguu miwili.

Sisi Waislamu tangu chuoni tunafundishwa kwamba mali ya mtu haiwi halali kwa mwingine pasipo ridhaa yake. Hilo linakata pande zote mbili. Anayejua kwamba alitia sahihi, akatumia bima mwaka mzima, kisha akaenda benki kukana, naye anakula cha watu. Tena kusimamisha makato benki hakuvunji mkataba. Ukiwa unadaiwa, utaendelea kudaiwa, na ukisimamisha malipo ya bima huenda ukajikuta huna bima siku ya ajali. Linaloniudhi zaidi ni makato yasiyo na idhini yanapoiingiza akaunti kwenye deni, kisha mtu aliyeikimbia riba maisha yake yote akatozwa riba juu ya pesa alizochukuliwa.

Si kwamba sheria zetu hazina meno kabisa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda maslahi ya kiuchumi ya mtumiaji. Sheria ya Ushindani, kifungu cha 56, inakataza benki na bima kumtwisha mteja ada ambazo hazikuwekwa wazi kwake kabla. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2013 unataka kila benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zilizoko mikononi mwa kampuni, ikiwemo ile fomu inayodaiwa ina sahihi yako.

Kwa hiyo anayekumbwa na haya asiishie kuzungumza na karani. Aandike barua, adai makato yasimamishwe leo, pesa zirudishwe, na aonyeshwe nakala ya idhini. Nakala yake igongwe muhuri na tarehe. Wakinyamaza, apeleke nakala hiyo Benki Kuu. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mwalimu wetu alipopeleka barua yenye muhuri, makato yalikoma mwezi uliofuata. Idhini hawajamwonyesha mpaka leo, na zile Sh15,950 bado "zinachunguzwa".

Nani anafaidika na uchunguzi usio na tarehe ya mwisho? Aliyeshika pesa. Wabunge wetu wa Pwani, badala ya kungoja kashfa kubwa ya mabilioni, wanaweza kuiuliza Benki Kuu bungeni swali moja dogo: kampuni ikishindwa kuonyesha idhini ya mteja, benki inapewa siku ngapi kurudisha pesa zake?