Turbo na mchanga wa Msimbati
Makala ninayoyajibu hapa yameeleza vyema namna ya kuongeza nguvu ya injini ya 1KD-FTV ya Toyota Hilux, yenye silinda 4 na ujazo wa cc 2,982, lakini yamepita juujuu suala la joto. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya silinda, huipasha moto hewa hiyo, na kipoza hewa kilicho chini ya tundu la boneti hutegemea upepo wa mwendo. Katika mchanga wa ufukwe wa Msimbati, pikapu iliyosheheni samaki hutambaa kwa gia ya kwanza, upepo huwa haba, na dizeli iliyozidishwa huweza kupasua pistoni. Kipimajoto cha eksozi kifungwe kwanza, ndipo kompyuta ya injini iguswe ili kuongeza dizeli.