Mcheza Kwao Hutunzwa

Leo nina neno moja tu, nalo lahusu mchezo tunaoupenda mno shuleni humu: kuunda maneno ya Kiingereza ya urefu fulani kutokana na herufi ulizopewa.

Jumamosi moja muhula uliopita, niliketi katika bwalo la chakula kucheza Scrabble na mwanafunzi aliye kidato kimoja nyuma yangu. Nilidhani nitamfunza adabu. Kumbe! Kijana akaweka "qi", akaweka "za", kisha akashusha herufi zake zote saba kwa mpigo mmoja, akajizolea alama 50 za ziada. Nilishindwa mchana kweupe. Nilipomuuliza "qi" ni nini, akacheka na kuniambia, "Maana ya nini, ndugu? Iko kwa kamusi, basi." Baadaye nilipata kuwa ni nguvu ya uhai katika fikra za Wachina. Aliyenishinda kwa neno hilo alikuwa hana habari.

Siandiki haya kwa sababu ya kushindwa, ingawa uchungu ulikuwepo. Mchezo wenyewe si mbaya hata kidogo. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi uchumi ulipoanguka. Alikaa akahesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi hutumika kidogo. Ndiyo maana katika vipande 100 vya Kiingereza mna E 12 lakini K ni moja tu. Mchezo huu hunoa tahajia na kufunza subira. Isitoshe, mwaka 2017 mashindano ya dunia yalifanyika Nairobi. Hakuna aibu yoyote kuucheza.

Linalonikera ni kukariri maneno kama kasuku. Yupo bingwa mmoja wa New Zealand, Nigel Richards. Mwaka 2015 alishinda mashindano ya dunia ya Kifaransa ilhali Kifaransa hakijui. Alikariri tu maneno yaliyo katika kamusi. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Mimi namvulia kofia, kwa maana kumbukumbu yake ni ya ajabu. Lakini yeye ametafuta ubingwa akaupata. Sisi wanafunzi twatafuta lugha. Ukijaza kichwa maneno mia mbili usiyoweza kuyatumia hata katika sentensi moja ya insha, umepata faida gani? Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa hebu tuje nyumbani. Chukua herufi nne: M, A, L, I. Unapata maneno mangapi? Mimi nilipata matano: mali, mila, lima, lami, imla. Hakuna hata moja ambalo mwenzangu yule angeshindwa kunieleza maana yake. Chukua sita: K, I, T, A, B, U. Kuna kitabu, na ukizipanga upya unapata katibu! Mwalimu wetu alitueleza kuwa yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kuandika. Tazameni basi, herufi sita tu na tayari tumejifunza historia ya lugha.

Kisha kuna minyambuliko, ambayo wengi wetu huiogopa kama ukoma ikija mtihanini. Umeambiwa utafute neno la herufi tano na unalo "pika", ambalo lina nne. Usihangaike. Sema "pikia" au "pikwa". Unataka sita? "Pikika". Saba? "Pikiana" au "pikisha". Katika Kiingereza neno refu mara nyingi hulijui mpaka ulikariri. Kwetu, anayejua sarufi hulirefusha mwenyewe akijua analofanya. Jamani, huo si mchezo tu, ni marudio ya somo bila kuchapwa na usingizi!

Najua wapo watakaosema, "Lakini seti yetu ni ya Kiingereza." Ni kweli, na kwa seti hiyo Kiswahili hakichezeki vizuri. Q na X hatuna kazi nazo. Ukitaka kuandika "kuku", K ya pili huipati mpaka ubahatike kushika kipande kitupu. Dawa ni rahisi. Tukate kadibodi tutengeneze vipande vyetu. Tufanye alivyofanya Butts: tuchukue kurasa kadhaa za gazeti la Kiswahili, tuhesabu herufi, tujue A ziwe ngapi na K ngapi. Mwamuzi awe Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Vitenzi viingie bila viambishi vya nafsi na wakati, maana tukiruhusu "nitakapompikia" hatutalala siku hiyo.

Wengine watauliza, "Na mtihani wa Kiingereza je?" Sijasema tukitupe Kiingereza. Jumamosi moja tucheze kile, Jumamosi ifuatayo tucheze hiki. Mbona Waingereza wenyewe wameyakubali maneno "safari", "bwana" na "boma" katika mchezo wao? Ni ajabu kwamba maneno yetu yana kiti kwa jirani, ilhali sisi wenyewe hatujayawekea hata mkeka.

Basi naomba chama chetu cha Kiswahili kilichukue jambo hili muhula ujao, na walimu wetu watusaidie kupata kadibodi na nafasi bwaloni. Yule kijana aliyenishinda nitakuwa wa kwanza kumwalika. Ana akili kali, na ningependa kuona atafika wapi akicheza kwa maneno anayoyajua.

Kabla hatujaagana, nawaachia jaribio. Herufi ni R, A, F, I, K, I. Mimi nimepata maneno manne ya herufi sita. La kwanza ni rafiki, na la pili ni fikira. Mawili yaliyobaki yatafuteni, na mkiyapata, mwambianeni pia maana yake.