Uligongwa Wapi? Hospitali Haikuulizi

Wizara ya afya inatuuguza, sikatai. Lakini haitaki kujua nani anatuvunja, na uzembe huo unaua.

Fungua daftari la dharura katika hospitali nyingi za Burundi: jina, umri, jinsia, mlima anakoishi mgonjwa, ugonjwa, matibabu, ametoka au amefariki. Sasa mchukue kijana wa Nyanza-Lac, madumu mawili ya mawese kayafunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, anagongwa na gari la Probox upande wa Kizuka saa moja usiku. Muuguzi anaandika: paja limevunjika, Nyanza-Lac. Basi! Kizuka haimo. Probox haimo. Giza halimo. Ripoti ya mwezi inapanda ngazi ikisema mtu wa Nyanza-Lac kavunjika paja, labda usingizini.

Mtaniambia polisi wanaandika. Wanaandika waliyoitiwa. Aliyebebwa na motari, dereva wa pikipiki, mpaka kituo cha afya, akafa siku ya tisa, nani atarudi polisi kumwongeza? Shirika la Afya Duniani humhesabu kila anayefariki ndani ya siku 30. Katika ripoti yake ya 2018 lilikadiria kwamba nchini Burundi barabara huua watu wapatao 35 kwa kila 100,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 3,000. Hesabu ya serikali haikufika hata 1,000. Hao wengine walizikwa, tena kwa matanga na vilio. Karatasi tu ndiyo haikuwaona.

Wala msiseme jambo hili ni la nchi tajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari mpasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianza kuandikisha majeruhi katika hospitali za Uganda, Mulago ikiwemo. Mwaka 2000 wakachapisha kipimo cha Kampala cha kujua nani yuko hatarini zaidi: umri, presha, pumzi, fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Kuna fomu na kalamu.

Wauguzi wamechoka? Wamechoka kweli, na mshahara wao tunaujua. Lakini tangu 2010, vituo vilipoanza kulipwa nchi nzima kwa kazi iliyofanyika, kila mama aliyejifungulia kituoni anahesabiwa na hesabu inakaguliwa. Pesa ilipofuata daftari, muda ulipatikana. Nataka safu tatu tu: mahali ulipoumia, ulikuwa kwenye nini au ukigongwa na nini, saa ngapi. Majina yabaki hospitalini. Jumla ibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya komine tuisome.

Na safu hizo ziongezwe sasa. Benki ya Maendeleo ya Afrika imetoa fedha za kutengeneza kilomita 45 za barabara ya RN3 kati ya Rumonge na Gitaza. Lami nzuri huleta mwendo, na mwendo hukuta watoto wakitoka shule na wanawake wakitoka ziwani na beseni za ndagala. Tuta litawekwa wapi bila daftari? Mbele ya nyumba ya mkubwa, kama kawaida.

Daftari halitamnasa kila mtu. Wapo wanaokimbilia kwa mganga wa mifupa kwa kuogopa bili. Mwaka 2006 Human Rights Watch iliandika juu ya wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali zetu kwa sababu ya deni, na hofu ya namna hiyo haiishi upesi. Kwa hiyo hata kituo kidogo cha mlimani kiandike.

Sharti moja: polisi wasiliguse daftari hilo kutafutia faini. Siku motari asiye na leseni akisikia limeshafika mikononi mwao, atamwambia muuguzi ameanguka kwenye mchikichi. Na mwenzake atasema hivyo hivyo. Mtakaa Bujumbura mkisoma takwimu, mtume ujumbe wa wataalamu Rumonge kuchunguza kwa nini michikichi yetu inaangusha vijana kila Jumamosi usiku.